Sura ya Tano: Karani Asiye na Kiti

Alkhamisi, saa tatu asubuhi, Inspekta Wanu alikuwa amebakiwa na saa tano tu. Saa nane mchana mkurugenzi wa Kitengo cha Daftari la Mashamba angekaa kikao ofisini kwake Mlandege, atie saini barua ya kumfukuza kazi binti anayeitwa Thuwaiba, kisha amkabidhi kwa polisi ashitakiwe kwa kuchezea hati ya ardhi. Polisi wa kumpokea alikuwa ni yeye Wanu. Hati ya kumkamata ilikuwa mkobani mwake, imeshagongwa muhuri na jina limeshajazwa, inangoja saini. Wanu, kwa miaka kumi na minane ya kazi, hakuwahi kupenda kesi inayokuja kwake imeshapikwa na kupakuliwa.

Land Rover ilisimama mbele ya nyumba ya mabati, hatua chache kutoka soko la samaki la Mkokotoni. Koplo Jaku, dereva wake, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye meno ya kijana wa ishirini, alikuwa bado anatafuna njugu alizonunua Darajani walipokuwa wanatoka mjini.

"Utashuka, au tukungoje umalize?"

"Nnashuka, afande. Njugu za leo zimekaangwa vizuri, haki ya Mungu."

Alikikunja kile kikaratasi cha njugu, akakitia kwenye mfuko wa mlango wa gari, pamoja na kingine cha jana. Wanu aliviona vikaratasi hivyo, akanuna, akabisha hodi.

Thuwaiba aliwakaribisha ukumbini. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, macho mekundu ya mtu aliyelia kisha akanawa. Kuandika programu za kompyuta alikusomea Bombay. Aliporudi alimkuta mama yake amepooza upande mmoja, na nyumba haina mtu mwengine. Kitengo nacho kilikuwa kimenunua kompyuta za kuandikia mashamba yote ya Unguja, na hakuna aliyejua kuzitungia programu. Ndipo yakafanyika mapatano ambayo mwaka ule wa 2002 hayakuwa na jina katika utumishi wa serikali: Thuwaiba abakie kwao Mkokotoni, afanye kazi kwa kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu, na kila anachokiandika kifike Mlandege. Wenzake wa mjini walimpa jina wao. Walimwita karani asiye na kiti.

"Usiku wa kuamkia Jumanne ulikuwa wapi?" Wanu aliuliza.

"Hapa hapa, Inspekta. Nliingia kazini saa sita ya usiku, nkatoka saa tisa u nusu. Usiku laini huwa safi. Mchana inakatikakatika, mtu hamalizi kazi."

"Ulilifungua shamba nambari mia nne na kumi na saba?"

"Sikulifungua."

"Mashine inasema lilifunguliwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Jina la Bi Tabia wa Matemwe likafutwa, likatiwa la mtu anaitwa Hisham. Saa hiyo ofisi ina kufuli, na simu iliyokuwa wazi ni moja, hii yako. Watu wa simu wameshanithibitishia."

"Najua," alisema Thuwaiba. "Ndo maana sina la kusema. Hata mie ningekuwa wewe, ningemkamata Thuwaiba."

Jawabu lile lilimsumbua Wanu. Wezi aliowahi kukaa nao wote walikuwa na maelezo, tena mazuri, yenye mashahidi na mifano. Huyu hakuwa na hata moja.

"Haya. Kubadilisha jina la mwenye shamba kunataka neno la siri. Mnalijua wangapi?"

"Watatu. Mkurugenzi, Badar fundi wa mashine, na mie. Mtu akiingia kwa neno hilo, karatasi ya printa huandika MKUU tu. Haisemi nani wala yuko wapi."

"Nani katunga iwe hivyo?"

"Nimetunga mie. Alotaka ni Mkurugenzi. Kasema jina lake lisiwe linaandikwa ovyo ovyo."

Wanu aliliandika hilo. Kisha akasogea mezani. Pembeni ya kompyuta iliyopauka kilikuwepo kisanduku kidogo cha kuunganishia simu, modemu, kipya kabisa, bado kina nailoni yake.

"Hii mpya."

"Ile ya zamani imechoka. Hii imefungwa Jumanne asubuhi." Mara Thuwaiba akafumba mdomo.

"Kaifunga nani?"

Binti aliangalia mkeka. Koplo Jaku aliacha kutafuna.

"Badar!" sauti ilitoka nyuma ya pazia la chumbani.

Wanu alifunua pazia. Kitandani alilala Bi Shaima, mama yake Thuwaiba, mkono mmoja umelala juu ya shuka, macho makali. Mbele yake ukutani palitundikwa kioo, na ndani ya kioo ukumbi wote ulionekana.

"Shikamoo, Bi Shaima."

"Marahaba, mwanangu. Mwili ndo ulopooza, masikio hayajambo. Kaja Badar saa tatu kasorobo, kaondoka saa tano. Kanywa chai vikombe viwili, na mkate wangu wa kumimina kaumaliza."

"Mama!" Thuwaiba alisema.

"Mama nini? Kakaa ukumbini, mlango wazi, hajakosa kitu. Ila mtu haji kutoka mjini mpaka hapa kwa ajili ya sanduku. Yule anataka kuposa, nami nshamuona."

Wanu alitoa karatasi mkobani. Ilikuwa ni maelezo ya Badar, yaliyotiwa saini Jumatano kituoni. *Jumanne sikwenda kazini. Nilikuwa nyumbani Kikwajuni, kitandani, nina homa.*

"Kaidanganya polisi," Wanu alisema polepole.

"Mie ndiye nliyemuomba asiseme." Machozi yalimtoka Thuwaiba sasa, na hakuyafuta. "Nyumba haina mwanamme, Inspekta. Mkokotoni hapa wangesema nini? Mie nshaitwa mwizi. Sikutaka niitwe na jina jengine."

Garini Koplo Jaku hakuwasha injini mara moja.

"Basi tena, afande. Neno la siri wanalijua watatu, na wawili kati yao washakaa wakapanga uongo. Mmoja kafungua njia, mmoja kapita."

Maneno ya Jaku yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililomkera Wanu. Alimtaka binti yule asiwe na kosa, na alijijua kuwa akishaanza kutaka hivyo, hapo ndipo anapokosea.

*

Kitengo kilikuwa ghorofa ya juu ya duka la vitambaa. Saa tano na robo Mkurugenzi Ayoub aliwapokea akiwa ndani ya kiti chake cha ngozi, kiti kikubwa chenye magurudumu, zawadi ya jamaa, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia hata kukipangusa vumbi. Kahawa ilishamiminwa.

"Karibu, Bi Wanu. Umeshamwona mwenyewe?"

"Nshamwona. Nnataka nimwone Badar."

Badar aliingia na bisibisi mfukoni, mrefu, mwenye haya. Wanu alimsomea maelezo yake ya homa, kisha akamtajia mkate wa kumimina.

"Nlisema uongo," alisema. "Homa sikuwa nayo. Nlikwenda kumfungia modemu. Nisameheni, lakini shamba hilo sikuligusa, wala yeye hakuligusa."

"Unajuaje kama yeye hakuligusa?"

"Namjua."

Mkurugenzi Ayoub alitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuja haraka mno. "Mie nlisema tokea mwanzo. Mtu afanye kazi ya serikali akiwa kwake, humwoni, hujui kavaa nini, kakaa na nani? Hii ndio faida yake. Leo saa nane nnaufunga mchezo huu. Anayetaka kazi aje akae kwenye kiti tumwone."

Akaipitisha mezani karatasi ya ushahidi, ile ile aliyokwishaipeleka nakala yake kituoni. Wanu alikuwa ameona nakala tu. Karatasi yenyewe ilikuwa fupi, upana wa kidole kimoja, na ina mstari mmoja:

MKUU 03:12 SHAMBA 417 HISHAM

Wakati huohuo chumba cha pili printa ilianza kupiga kelele. Mlango ulikuwa wazi. Karani anayeitwa Sichana alikuwa ameketi mbele ya mashine kuu, anaingiza shamba, na kwa kila aliloingiza printa ilipiga mstari mmoja kwenye karatasi ndefu isiyokatika, iliyokuwa ikishuka mpaka sakafuni. Pembeni mwa karatasi, kulia na kushoto, kulikuwa na safu ya vitundu vidogo vya duara.

Wanu aliviangalia vitundu vile. Aliviangalia mpaka Mkurugenzi akakohoa.

"Jaku!"

"Naam, afande!"

"Vile vikaratasi vyako vya njugu. Vina vitundu pembeni?"

Jaku alifikiri. "Vinavyo. Viwili viwili, mpaka nikadhani vimeliwa na mchwa."

Wanu aliigeuza karatasi ya ushahidi. Ya mashine ilikuwa inachanika yenyewe kwa mkono, kwenye mikunjo yake. Hii ilikatwa juu na chini kwa mkasi.

"Nani kaikata?"

"Mie," alisema Ayoub. "Ndefu ile, itakuchosha. Nimekutolea panapohusika."

"Iliyobaki ipo wapi?"

"Ishatupwa, Bi Wanu. Takataka hizo."

"Haitupwi, Mkurugenzi," ilisikika sauti mlangoni. Alikuwa ni Mzee Hija, tarishi, kofia yake imekaa sawasawa, trei ya vikombe mkononi. "Mie huikusanya. Jana asubuhi nimeipeleka Darajani kwa mtu wa njugu. Karatasi nzuri ile, haipitishi mafuta."

Kwa mara ya kwanza Mkurugenzi Ayoub aliisahau kahawa yake. Wanu alikuwa ameshafika ngazini.

Kutoka Mlandege hadi Darajani ni karibu, lakini Wanu alikwenda kama anayekimbilia meli, buibui limekusanywa mkononi, na Jaku nyuma yake akiomba njia kwa wapita njia. Muuza njugu alikuwa pale pale penye kivuli cha soko, beseni mbele yake, mapakiti yamepangwa safu juu ya sinia. Chini ya kigoda chake lilikuwepo bunda la karatasi zenye vitundu.

"Umeuza ngapi tokea jana?"

"Mwanangu, njugu zangu hazikai. Nshauza nusu."

"Zilobaki nnazichukua zote. Na hilo bunda. Nnakuandikia stakabadhi ya polisi."

"Njugu zangu zimemuumiza mtu?"

"Hazijamuumiza mtu. Huenda zikamponya."

Walirudi garini na sinia nzima. Wanu alivikunjua vikaratasi juu ya boneti, kimoja kimoja, akivipanga kwa maandishi yake, na kwa kila anachokifungua Jaku alipokea njugu kiganjani.

"Ushahidi usiuguse. Njugu kula."

"Nnasaidia uchunguzi, afande."

Vipande vingine vilikuwa vya wiki nyengine. Vingine vilichanika katikati ya jina. Nusu saa ilipita, jua likawapiga utosini, na watoto wa madrasa wakasimama kutazama polisi wanaocheza na karatasi. Kipande cha kumi na tisa kilikuwa na tarehe ya Jumanne. Cha ishirini na tatu pia. Kimoja kilitoka kwenye mfuko wa mlango wa gari, kile cha jana, kina chumvi. Akaviunga.

THUWAIBA 00:04 KAINGIA
THUWAIBA 03:31 KATOKA
MASHINE IMEWASHWA 02:30
SICHANA 02:41 SHAMBA 388
SICHANA 03:05 SHAMBA 391

Hapo karatasi ilikatwa, si kwa mkono wa muuza njugu. Ilikatwa kwa mkasi. Wanu aliitoa karatasi ya Mkurugenzi akaisogeza. Mkato uliingia kwenye mkato, hata mkia wa herufi uliobaki juu ukapata mwenzake chini. Akakiweka na kipande cha mwisho, nacho kikashika sawasawa:

MKUU 03:12 SHAMBA 417 HISHAM
SICHANA 03:40 SHAMBA 392

Jaku alisoma midomo ikicheza. "Sasa afande, huyu Sichana analala ofisini? Saa nane na dakika arobaini na moja za usiku, anaandika mashamba? Na kufuli mlangoni?"

"Endelea."

"Halafu... hii imeandikwa vibaya. Thuwaiba katoka saa tisa u nusu. Chini yake mashine imewashwa saa nane u nusu. Saa inarudi nyuma?"

"Karatasi hairudi nyuma, Jaku. Karatasi inashuka tu. Kilichorudi nyuma ni saa." Wanu alimkamata mkono. "Jumanne alfajiri umeme ulikatika?"

"Ulikatika. Toka saa kumi na moja mpaka saa mbili na kitu. Mke wangu kanipigia kelele sare haijapigwa pasi."

"Saa yako hapo inasema saa ngapi?"

"Saa saba kamili."

"Niandikie."

Jaku alichukua kalamu, akaandika kwenye boneti yenye vumbi: 7:00.

Wanu kwa kidole aliandika chini yake namna mashine inavyoiandika saa hiyo hiyo: 13:00.

Koplo Jaku alizitazama namba mbili zile. Njugu zilimkwama kooni, akakohoa, akacheka, akakohoa tena. Wanu naye alicheka, kicheko cha sauti, pale pale barabarani, hata watoto wa madrasa wakacheka bila ya kujua wanachekea nini.

*

Saa nane kamili barua ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Mkurugenzi Ayoub alikaa ndani ya kiti chake cha ngozi. Badar na Sichana walisimama ukutani, Mzee Hija mlangoni. Wanu aliingia na sinia ya njugu, imebaki na vikaratasi vilivyonyooshwa tu.

"Kabla hujatia saini, Mkurugenzi, nna suali moja kwa Mzee Hija. Mzee wangu, Jumanne asubuhi mashine kuu kaiwasha nani?"

"Mie, mwanangu. Fundi hakuja, ilisemwa ana homa." Badar aliangalia chini. "Umeme uliporudi nkabonyeza, mashine ikaniuliza."

"Ikakuuliza nini?"

"Saa. Ina betri yake ndani, imekufa siku nyingi, tunangojea nyengine. Ikizimika huuliza saa ngapi. Siku zote Badar ndiye anaijibu. Siku hiyo nkatazama saa yangu ya mkono. Ilikuwa saa mbili u nusu za asubuhi. Nkaandika mbili, thelathini." Mzee aliwatazama wote mmoja mmoja. "Nlikosea?"

"Hukukosea, mzee. Umesema kweli tupu. Mashine ndiyo haijui Kiswahili."

Badar alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Ya Rabi! Siku nzima imekwenda nyuma saa sita! Na Jumatano umeme ukakatika tena, nkaiweka saa mie mwenyewe, ikawa sawa. Ndo maana sikuona kitu!"

Wanu alivitandaza vikaratasi juu ya ile barua ya kufukuzia.

"Thuwaiba katoka kazini saa tisa u nusu ya usiku, kama alivyosema. Umeme ukakatika alfajiri. Mzee Hija kawasha mashine asubuhi, na toka hapo kila inachoandika ni saa ya Kiswahili. Huyu hapa Sichana, 02:41. Si usiku. Ni saa mbili na dakika arobaini na moja, ameshafika kazini, kakaa mahali pake. Na hii MKUU 03:12 si saa tisa ya usiku. Ni saa tatu na dakika kumi na mbili, Jumanne asubuhi, ofisi imefunguliwa."

Chini dukani mtu alikuwa anapimiwa kitambaa.

"Saa hiyo Badar na Thuwaiba walikuwa Mkokotoni wanakunywa chai. Kisanduku cha simu kilikuwa kinabadilishwa, hakuna anayeweza kuingia kazini. Shahidi nnaye, na shahidi mwenyewe ana kioo. Asubuhi ya leo uongo wao ulitaka kuwatia ndani. Sasa hivi walichokificha ndicho kinachowatoa. Neno la siri wanalijua watatu, Mkurugenzi. Watatu ukiwatoa wawili?"

Sichana alinyanyua mkono kama yuko darasani. Alikuwa na hofu, lakini alisema. "Siku hiyo Mkurugenzi kantoa kwenye mashine. Ilikuwa saa tatu imepita kidogo. Kasema nkanywe chai mapema, mashine anaitaka yeye. Nliporudi nkaendelea na shamba la mia tatu na tisini na mbili."

"Saa tatu na dakika arobaini," alisema Wanu. "Hii hapa."

"Upuuzi!" Ayoub alisimama, kiti kikagonga ukuta. "Mie mashine siijui hata kuiwasha!"

"Lakini mkasi unaujua. Jumanne jioni, Bi Tabia alipoulizia shamba lake, ulitaka kuitoa karatasi hii isionekane, ukaiona imeandikwa 03:12. Ukaona umepata bahati. Mashine imekupa usiku, na usiku kuna mtu mmoja tu, wa mbali, asiye na kiti, asiye na wa kumsemea. Ila Sichana yuko juu na Sichana yuko chini, na Sichana hafanyi kazi usiku. Ukamkata juu, ukamkata chini. Ungeichana kwa mkono kwenye mikunjo kama watu wengine, nisingeuliza kitu."

"Hisham huyo simjui!"

Mzee Hija aliweka trei chini.

"Mkurugenzi," alisema kwa adabu, "Hisham si shemegi yako? Yule wa Dubai, aloleta kiti hichi? Mie ndiye nliyekipokea gatini, risiti nkaitia saini kwa jina lake."

Ayoub alikitazama kiti, akasogea mbali nacho.

Wanu alitoa ile hati mkobani. Jina la Thuwaiba alilipiga mstari, mstari mmoja mnene, akaandika jingine juu yake, na sasa saini ilimtoka bila shida. Koplo Jaku alimshika Mkurugenzi kiwiko, kistaarabu, akampisha mbele ngazini.

"Badar," alisema Wanu. "Laini ya Mkokotoni mliifunga Jumatano?"

"Kwa amri yake."

"Ifungue."

Kijana alikimbia. Wanu alinyanyua simu ya mezani akazungusha nambari. Iliita mara moja tu.

"Thuwaiba? Wanu hapa. Ingia kazini."

"Sijafukuzwa?"

"Saa nane na dakika ishirini mchana, na karani bado yuko nyumbani? Ingia kazini, mwanangu. Bi Tabia anangoja shamba lake." Nyuma ya binti Wanu alimsikia Bi Shaima akipaza sauti kuuliza, na Badar je?

Walisimama wote kuizunguka printa: Badar, Sichana, Mzee Hija na Inspekta. Modemu ya ofisini ilivuma, ikapiga mluzi, ikakatika. Badar alisonya. Ikavuma tena, ikashika. Dakika ikapita, ya pili ikapita, hakuna aliyekaa. Kisha printa ikapiga.

THUWAIBA 14:27 KAINGIA

Sichana alipiga makofi. Ikapiga tena.

MKUU 14:33 SHAMBA 417 TABIA

Wanu alijifanya anatafuta kalamu mkobani. Badar hakujifanya kitu, alikuwa anacheka na macho yamemjaa maji.

Mzee Hija aliinama kusoma. Akaitazama saa yake ya mkono, akaitazama karatasi, akatikisa kichwa. "Kumi na nne," alisema. "Saa ya kumi na nne iko wapi duniani?" Hata hivyo hakuigusa mashine. Alikisukuma kando kiti cha ngozi, kilichoburutwa huku kutoka ofisini, kimpishe njia, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaichana polepole kwenye mkunjo wake, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

"Hii," alisema, "haiendi kwenye njugu."